Nani Alipe Kazi Ikiharibika?

Iko desturi moja katika mahali pengi pa kazi nchini mwetu, wala haikuanza leo. Kitu kikiharibika, hutafutwa yule ambaye mkononi mwake kimeharibikia, naye hulipishwa. Mkate ukiungua, mwoka mikate hukatwa. Sahani ikivunjika hotelini, mhudumu hukatwa. Fedha zikipungua dukani, muuzaji hukatwa, hata kama funguo za sanduku zilikuwa tatu na mikono iliyopita humo ilikuwa mitano. Desturi hiyo huonekana kuwa haki iliyo wazi, maana aliyekosa ndiye alipaye. Sisi nasi tuliiona hivyo. Leo twataka kuuliza kama ni haki kweli, na tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa si vizuri kuwaonya matajiri wa viwanda huku tukikificha kiwanda tulichokuwa tukikiangalia sisi.

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kuangalia kiwanda kidogo cha chapa. Mtambo wake ulipiga rangi mbili kwa mara moja. Kwa hiyo picha ya rangi nne ilipasa kupita mara mbili, leo rangi mbili, kesho mbili nyingine. Kijana mmoja ndiye aliyeushika mtambo huo. Masika ilipoanza, kazi yake ikaanza kuharibika. Rangi za pili hazikukutana na za kwanza. Nyuso za watu zikatoka na midomo miwili, na herufi zikafanya vivuli. Rundo la karatasi mbovu likakua pembeni mwa chumba. Tulimwonya mara moja, tukamwonya mara ya pili, na mara ya tatu tukaamuru bei ya karatasi ikatwe katika mshahara wake, miezi miwili mfululizo. Hakubisha sana. Alisema tu, "Padre, karatasi zenyewe hazitulii." Sisi tukamjibu kwamba karatasi hazina miguu. Mwezi wa tatu aliaga akaenda zake.

Akaja mwingine, mtu mzima mwenye uzoefu mrefu kuliko wa yule wa kwanza, na kazi ikaharibika vilevile. Ndipo mlinzi wetu wa usiku alipotuambia, pasipo kuulizwa: "Padre, huko mnakoweka karatasi siku hizi, masika maji hupenya ukutani. Mimi nilidhani mnajua." Tukaenda tukaushika ukuta kwa kiganja, nao ulikuwa umelowa. Karatasi hunywa unyevu, nayo ikinywa hutanuka. Na ikitanuka kati ya mapito mawili ya mtambo, rangi za pili haziwezi kuangukia mahali pake, hata mtambo huo ukishikwa na malaika. Na ni nani aliyezihamisha karatasi kutoka chumba chake kikavu? Tuliagiza sisi, kwa kinywa chetu, ili chumba kile kiwekwe viti vya sikukuu.

Basi kosa lilikuwa la nani? Mkono ulikuwa wa kijana, lakini chanzo kilikuwa chetu. Yeye alilipa, sisi tukakalia viti.

Alikuwako Mmarekani mmoja, mtaalamu wa hesabu za takwimu, jina lake W. Edwards Deming, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufa mwaka 1993. Mwaka 1950 alialikwa Japani na chama cha wanasayansi na mainjinia wa huko awafundishe wakuu wa viwanda namna ya kupata kazi njema, wakati nchi ile ilikuwa bado imelemewa na uharibifu wa vita. Wajapani walimheshimu hata mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Kwao Marekani hakusikilizwa sana mpaka uzeeni. Katika mafunzo yake alikuwa na mchezo mmoja ambao kila mwenye mamlaka juu ya wenzake angefaa kuutazama, naye akiutazama kwa moyo mnyofu hakosi kuona haya.

Alichukua chombo chenye shanga 4,000, katika hizo nyeupe 3,200 na nyekundu 800, zimechanganywa pamoja. Akawaita watu sita kutoka kwa wasikilizaji wawe wafanyakazi wake, na wengine wawe wakaguzi na karani wa hesabu. Kila mfanyakazi alipewa kibao chenye vishimo 50, akitumbukize katika shanga na kukitoa kimejaa. Shanga nyeupe ni kazi njema. Nyekundu ni kazi mbovu. Mteja hataki nyekundu. Kisha Deming mwenyewe alijifanya msimamizi mkali. Aliyetoa nyekundu chache alisifiwa mbele ya wote, akaahidiwa nyongeza. Aliyetoa nyingi aliaibishwa, akaambiwa ajirekebishe. Siku ya pili yule aliyesifiwa alitoa nyekundu nyingi, na msimamizi akasema kwamba sifa zimemlevya. Yule aliyeaibishwa alitoa chache, na msimamizi akajisifu kwamba karipio lake limezaa matunda. Mwisho aliwafukuza watatu wabaya, akawabakiza watatu wazuri wafanye kazi zamu mbili. Nao wakatoa nyekundu kama kawaida.

Watazamaji walicheka sana, na baadaye kicheko kikawatoka. Hesabu ni nyepesi. Sehemu moja katika tano za shanga zile ni nyekundu. Basi kibao cha vishimo 50 kitatoa nyekundu zipatazo 10, siku nyingine 6, siku nyingine 14, wala bidii ya mtu haimo katika jambo hilo hata kidogo. Mfanyakazi hakununua shanga zile. Hakuzichanganya. Hakukichonga kibao. Hakuruhusiwa kuchagua kwa mkono. Kitu pekee alichoachiwa kilikuwa lawama. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 Deming aliandika kwamba, kwa kadiri ya aliyoyaona katika kazi yake, sehemu 94 katika 100 za matatizo hutoka katika utaratibu, nao ni wajibu wa wakubwa. Zilizobaki ndizo za namna ya pekee. Tusishike hesabu hiyo kama ungamo la imani. Lakini hata kama ingekuwa nusu tu, bado ni mishahara mingi iliyokatwa bila haki.

Twajua mtu atajibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo hupendwa sana na wasimamizi. Nasi twaipenda, ila twaomba isomwe vizuri. Mkulima wa methali yule ana jembe lake mwenyewe na shamba lake mwenyewe. Akivivia mpini, njaa itampata yeye. Mfanyakazi wa kiwanda hupewa jembe na mtu mwingine, huonyeshwa tuta na mtu mwingine, na mavuno huenda kwa mtu mwingine. Akisema kwamba jembe halina makali, hachagui, anatoa habari. Kumnyamazisha kwa methali ni kuitumia hekima ya wazee kuziba masikio.

Na kama wako wanaodhani kwamba kiwanda kibovu ni kiwanda chenye watu wabovu, yapo yaliyotokea Fremont, katika jimbo la California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari huko, na sifa yake ilikuwa mbaya: utoro mwingi, ulevi kazini, ugomvi usiokwisha kati ya wakubwa na chama cha wafanyakazi, na magari yaliyotoka na kasoro. Mwaka 1982 kilifungwa. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Wajapani wa Toyota, na walioajiriwa walikuwa kwa sehemu kubwa wale wale wa zamani, na chama chao kile kile. Baadhi yao walipelekwa Japani kuona kazi inavyofanywa. Haukupita muda mrefu magari yao yakahesabiwa kati ya yaliyo bora katika kampuni nzima, na utoro ukapungua kabisa. Watu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni namna walivyoongozwa. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kujitoa katika ubia, wala hatusemi kwamba uongozi mwema huondoa misukosuko yote ya biashara. Twasema tu kwamba mtu yule yule aliyeitwa mlevi na mvivu aliweza kuwa fundi mwaminifu alipokabidhiwa kazi iliyopangwa kwa akili na heshima.

Jambo moja lililowashangaza watu wa Fremont lilikuwa kamba. Katika kiwanda cha zamani, msururu wa magari haukuruhusiwa kusimama kamwe. Gari likipita na kosa, na lipite, litatengenezwa baadaye huko nje. Katika utaratibu mpya ilitundikwa kamba juu ya kila mahali pa kazi, na mfanyakazi akiona kosa huivuta. Kiongozi wake huja mara moja, na kosa lisipoondolewa kwa wakati, msururu wote husimama. Mtu wa chini kabisa ana uwezo wa kusimamisha kiwanda, naye akifanya hivyo hupewa asante.

Asili ya wazo hilo ni ya zamani. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya kufuma nguo, na mwaka 1924 alikamilisha mtambo uliosimama wenyewe uzi ulipokatika. Kabla ya hapo mtambo uliweza kuendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu agundue, na ilipasa mtu akae akiukodolea macho. Mwaka 1929 haki ya uvumbuzi huo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: wazee wetu waliyajua hayo bila mtambo. Lakini ufa hauzibwi na mtu anayeogopa kusema kwamba ameuona.

Hapa ndipo mahali ambapo wazazi, tunaowaandikia gazeti hili, watalielewa jambo upesi kuliko wakuu wa viwanda. Mtoto amevunja bilauri. Katika nyumba moja atachapwa. Katika nyingine ataulizwa ilivunjikaje, kisha atapewa ufagio. Nyumba ile ya kwanza haitavunjikiwa bilauri chache kuliko ya pili. Itakuwa na vipande vingi zaidi vilivyofukiwa nyuma ya jiko, na siku moja mtu atavikanyaga. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini aliyemfundisha mtoto kuficha ni nani? Vivyo hivyo katika kiwanda. Faini haiondoi vitu vibovu. Huvifukia chini ya vizuri, vifike kwa mnunuzi. Yule kijana wetu wa chapa, tangu siku aliyokatwa, hakutuletea tena karatasi mbovu. Alizichanganya katikati ya marobota, na lawama zikatujia kutoka parokia za mbali.

Labda msomaji atauliza: je, hakuna basi mfanyakazi mwenye hatia? Je, anayeiba saruji, anayekuja amelewa, anayelala zamuni, naye ni shanga nyekundu? Sivyo. Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa kupima kosa la mtu kwa maswali ya kale ambayo hayajazeeka: alijua? alitaka? aliweza kufanya vinginevyo? Mwizi alijua, alitaka, na aliweza kuacha. Huyo ana hatia, na adhabu yake ni ya haki, tena kumwachilia ni kuwadhulumu wenzake. Mzembe naye aliweza kuwa mwangalifu asitake. Lakini maswali hayo matatu hayaulizwi kwa mwenye kushika mtambo tu. Yapasa yapande ngazi. Msimamizi alijua kwamba ukuta unavuja? Kama hakujua, je, aliweza kujua kwa kuuliza mlinzi? Kama aliweza na hakuuliza, basi kutojua kwake ni kosa lake mwenyewe. Katika habari yetu sisi, maswali yote matatu yaliyompita kijana bila kumgusa yaliishia mezani petu.

Tukizidi kupanda ngazi twakutana na watu walioifanya kazi ya wengine kuwa elimu. Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyekufa mwaka 1915, alisimama na saa mkononi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, akipima kila mwendo wa wapakizi wa vipande vya chuma. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtu aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku alifundishwa kupakia tani 47 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Tumepiga hesabu: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Taylor hakuwa mtu mwovu. Alichukia kuona nguvu za watu zikipotea bure, na mengi aliyoyavumbua yalikuwa ya faida. Ila aliamini kwamba kufikiri ni kazi ya ofisini na kutenda ni kazi ya kiwandani. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown waligoma kwa sababu ya saa hiyo, na baadaye bunge la Marekani likaikataza katika viwanda vya silaha vya serikali. Hawakugoma kwa uvivu. Waligoma kwa kuwa walipimwa kama ng'ombe wa kukamuliwa, wala hawakuulizwa neno.

Wajapani waliofuata walichagua njia nyingine kwa sehemu fulani. Taiichi Ohno wa Toyota alihesabu namna saba za upotevu: kutengeneza kuliko inavyotakiwa, kungoja, kuhamishahamisha vitu, kukifanyia kitu kazi isiyohitajika, kulundika akiba, kutembeza mwili bure, na kutoa vitu vibovu. Ya kwanza ndiyo aliyoiona mbaya kuliko zote, maana huzificha nyingine: rundo kubwa la bidhaa likiwapo, hakuna aonaye kwamba mtambo ni mbovu au kwamba watu wanangoja. Na juu ya hizo saba walikuwa na neno jingine, muri, yaani kumtwisha mtu au mtambo mzigo upitao nguvu zake. Twasikitika kusema kwamba neno hilo lilisahauliwa hata nyumbani kwake. Mwaka 1973 mwandishi Kamata Satoshi alitoa kitabu juu ya miezi aliyofanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha Toyota, naye hakuandika habari za peponi. Mwaka 2002 mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, aliyekuwa na kazi ya kuangalia ubora, aliaga dunia kazini akiwa na umri wa miaka 30, baada ya mwezi wenye zaidi ya saa 100 za ziada. Mahakama ya Nagoya iliamua mwaka 2007 kwamba kifo chake kilitokana na kazi kupita kiasi. Sehemu ya saa zile ilikuwa ya vikao vya kutafuta namna ya kuboresha kazi, ambavyo vilihesabiwa kuwa ni vya hiari. Mtu aliyezuia kasoro katika magari aliisha mwenyewe. Hakuna orodha ya upotevu iliyo kamili kama haimtaji huyo.

Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye katika ujana wake wakati wa vita alifanya kazi katika machimbo ya mawe na katika kiwanda cha kemikali cha Solvay huko Kraków, aliandika mwaka 1981 barua Laborem Exercens, akishikilia kwamba katika kazi mtu hutangulia mtaji na mtambo. Wengine huyasoma hayo kama maneno mazuri ya kanisani. Sisi twadhani ni ya kiwandani hasa, maana aliyeyaandika aliwahi kuzibeba ndoo.

Na upotevu haukai ndani ya lango la kiwanda. Hapa kwetu tazama mkonge. Katika kilo 100 za majani yanayoingia korona, nyuzi zitokazo ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki, maganda na maji yake, kwa miaka mingi zilitupwa au kumwagwa mitoni, na harufu yake yajulikana kwa kila aliyekaa karibu na mashamba ya Tanga. Vitabu vya hesabu vya mashamba vilionyesha kwamba kutupa hakugharimu kitu. Kweli? Mwanamke aliyechota maji chini ya mto alilipa kwa tumbo la mtoto wake, ila jina lake halikuwamo vitabuni. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Katani ilijenga huko Hale mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Tunaisifu kazi hiyo kwa sababu ya akili yake, na kwa sababu nyingine pia: iliita "mali" kitu ambacho kilikuwa kikiitwa "taka" kwa kuwa tu aliyekitupa hakuishi kilikotua. Ni desturi ile ile tuliyoanza nayo, gharama kumwangukia asiyesababisha. Kiwandani humwangukia mfanyakazi, nje humwangukia jirani.

Wengine watasema mambo haya ni ya nchi tajiri zenye kamba na taa. Basi waende Mbeya. Katika hospitali ya rufaa ya huko ulianzishwa mwaka 2007 utaratibu uliotoka Japani kwa kupitia hospitali moja ya akina mama mjini Colombo, Sri Lanka, kisha ukaenea katika hospitali nyingine nyingi nchini. Hatua zake tano zimepewa majina ya Kiswahili ambayo wauguzi huyajua kwa moyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani kutenga kisichotakiwa, kukipa kila kitu mahali pake, kusafisha, kuweka kanuni moja, na kutoiacha. Haihitaji umeme. Huhitaji rafu, kibandiko, na mkubwa anayekubali kuambiwa. Muuguzi anayekimbia huku na huko akitafuta kifaa wakati mgonjwa anatokwa damu haitwi tena mzembe. Huulizwa kabati limepangwaje, na ni nani aliyelipanga. Dawa inayokaribia kwisha muda huwekwa mbele, isije ikaoza nyuma ya ile mpya. Palipo na mganga mkuu asiyetaka kuulizwa, vibandiko hubaki ukutani vikififia, nasi tumeviona.

Turudi kwa mshahara uliokatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya nchi yetu hairuhusu tajiri kukata fidia ya hasara kwa kupenda tu. Yapasa hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Yapasa aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kubisha. Asikatwe zaidi ya hasara yenyewe. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wake. Twaomba akina baba na akina mama wenye wafanyakazi, hata mtumishi mmoja wa nyumbani, wayatie maneno hayo moyoni. Sisi hatukumpa kijana yule maandishi wala nafasi. Tulimpa mzaha juu ya miguu ya karatasi.

Na dhamiri hudai zaidi ya sheria. Aliyechukua cha mwenzake bila haki hatoki katika deni kwa kusikitika, hurudisha. Tumewafundisha hayo waamini wengi katika kiti cha maungamo, juu ya kuku na juu ya mipaka ya mashamba, wala haikutupitia akilini kwamba daftari letu la mishahara lilikuwa na kuku wa mtu. Iliwahi kusemwa mbele yetu, na mtu mwenye heshima, kwamba mkubwa akirudisha fedha kwa mdogo anapoteza mamlaka. Hatujui ni mamlaka gani hayo yanayohitaji mshahara wa kijana ili yasimame.

Tulimtafuta. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda kingine cha chapa, mji wa jirani, akishika mtambo mkubwa kuliko wetu. Tulimweleza habari ya ukuta, tukampa makato ya miezi ile miwili. Alizihesabu fedha mbele yetu, kama ipasavyo, akazifunga katika leso. Kisha akauliza kama ukuta umetengenezwa. Tulimwambia kwamba bado, ila karatasi zimerudishwa chumbani kwake, na viti viko nje chini ya turubai.